Mfadhili anataka mpango wa biashara, na sisi hatufanyi biashara

SWALI

Mpendwa mshauri,

Naratibu shirika dogo lisilo la faida linalofundisha ushonaji na kompyuta kwa wasichana walioacha shule. Kwa mwaka tunapokea wasichana 120, awamu mbili za 60, kila awamu miezi sita. Wanaomaliza ni kama 90. Miezi sita baada ya kumaliza, tukiwapigia simu, tunakuta kama 60 wana kazi au wamejiajiri. Tuna watumishi saba wanaotoa huduma, kila mmoja analipwa milioni 6 kwa mwaka, ukiacha mimi na mhasibu. Walimu wawili wa ushonaji ndio pia wanaosimamia karakana yetu ya sare za shule. Cherehani tunazo 20. Madarasa tumeazimwa na taasisi moja bila kodi, na hatujaandikiana chochote.

Matumizi ya mwaka ni milioni 96: mafunzo 58, karakana 9, kuwafuatilia wahitimu 8, ofisi 21. Mapato ni hayo hayo 96: mfadhili mmoja anatoa 70, michango ya watu binafsi 12, na mauzo ya sare 1,000 kwa bei ya 14,000 yanaleta 14. Mkataba wa mfadhili huyo unaisha baada ya miezi 14.

Kuna mfuko mwingine umeonyesha nia, huenda wakatoa milioni 40 kwa mwaka, lakini wanataka kwanza mpango wa biashara wa miaka mitatu unaoonyesha tutajitegemea vipi. Tuna mpango mkakati wa kurasa 40, wamesema huo hautoshi. Mwenyekiti wa bodi anasema sisi si wafanyabiashara, tukianza kuzungumzia faida tutanyang'anywa usajili. Mhasibu amepata kiolezo, ila ni cha duka: kimejaa washindani na wateja. Mjumbe mwingine anataka tuandike kwamba karakana, ambayo inatuletea faida ya milioni 5, itapanuliwa mpaka iendeshe kituo chote.

Naogopa kuandika kitu kizuri kisichotekelezeka. Tuanzie wapi, tuandike nini, na je, tumlipe mtaalamu atuandikie?

Mratibu wa kituo

JIBU

Ndugu Mratibu,

Nianze na mwenyekiti, maana bodi isiposhawishika hakuna mpango utakaopita. Shirika lisilo la faida halikatazwi kubaki na ziada mwisho wa mwaka. Linalokatazwa ni kugawana ziada hiyo: wanachama, wajumbe wa bodi au waanzilishi hawawezi kuiweka mfukoni. Ikibaki ndani na kutumika kwa lengo lililoandikwa kwenye katiba ya shirika, iko mahali pake. Hospitali ya macho ya Aravind ilianzishwa Madurai, India, mwaka 1976 ikiwa na vitanda 11; wagonjwa wenye uwezo wanalipa, na malipo yao yanabeba wasioweza. Haijapoteza sura yake kwa kufanya hivyo. Jambo la kumwomba mwanasheria aliangalie ni jingine: katika nchi nyingi mapato ya biashara isiyohusiana na lengo la shirika hutozwa kodi, na wakati mwingine hutakiwa kampuni tofauti. Kushona sare ndani ya kituo cha ushonaji kunahusiana na lengo lenu, lakini pateni jibu hilo kwa maandishi na mliambatanishe.

Mpango mkakati wenu unaeleza mnataka kufika wapi na kwa nini. Mpango wa biashara unajibu yanayofuata: itagharimu kiasi gani, nani atalipa, lini, na tutafanya nini asipolipa. Afisa wa mfuko atakayeusoma anatafuta kama hesabu zinasimama. Kurasa 40 za dira na maadili hazimpi hilo, ndiyo maana wamezirudisha.

Na kiolezo cha duka kitawapoteza kwa sababu moja kubwa. Dukani anayetumia bidhaa ndiye anayelipa, hivyo wateja wakiongezeka, fedha zinaongezeka. Kwenu msichana anayefundishwa halipi; analipa mtu mwingine asiyekaa darasani. Kila msichana mnayemwongeza ni gharama mpya, na fedha yake haiji mpaka mtu mwingine aamue kuitoa. Mashirika mengi hufa yakiwa yanakua. Kwa hiyo palipoandikwa "wateja" andikeni sehemu mbili: wanufaika ni akina nani na wanahitaji nini, walipaji ni akina nani na wananunua matokeo gani. Palipoandikwa "washindani" andikeni nani mwingine anawafundisha wasichana hawa, kwa gharama gani, na ninyi mnafanya nini ambacho hao hawafanyi. Sehemu hiyo ikamilike kwa kurasa mbili.

Sasa kazi yenyewe. Anzeni na gharama kamili ya kila shughuli, kabla ya kuandika sentensi yoyote.

Bajeti yako inasema karakana inatumia milioni 9 na inaingiza 14, ndipo inapotoka ile faida ya 5. Hizo 9 ni vitambaa, uzi na vifungo tu. Walimu wawili wanaosimamia karakana wameandikwa chini ya mafunzo, mishahara yote. Wapeni watumishi wote saba karatasi ya saa kwa wiki nne: kila siku mtu anaandika saa alizotumia kwenye mafunzo, karakana na ufuatiliaji. Msikadirie kwa kukumbuka, maana kila mtu hukumbuka zaidi kazi anayoipenda. Tuchukulie karatasi zinaonyesha kwamba hao wawili wanatumia nusu ya muda wao karakanani. Hiyo ni sawa na mtu mmoja kamili, milioni 6. Mnaitoa kwenye mafunzo mnaipeleka karakana: mafunzo yanashuka hadi 52, karakana inapanda hadi 15, ufuatiliaji unabaki 8, na ofisi 21.

Kisha ofisi. Hizo milioni 21 hazielei hewani. Zipo kwa ajili ya shughuli tatu, kwa hiyo zigawiwe. Njia rahisi inayokubalika ni kugawa kwa idadi ya watu: watumishi saba, milioni 3 kwa kila mmoja. Mafunzo yana watu watano, yanabeba 15. Karakana mmoja, 3. Ufuatiliaji mmoja, 3. Matokeo: mafunzo 67, karakana 18, ufuatiliaji 11. Jumla bado ni 96, hakuna fedha iliyoongezeka wala kupungua, ila sasa mnaona kitu kilichokuwa kimejificha. Karakana inaingiza 14 na inagharimu 18. Ina hasara ya milioni 4.

Hapa wengi hukosea mara ya pili. Wakiona hasara, wanapendekeza karakana ifungwe. Fungeni mtaona: mnaokoa vitambaa vya milioni 9 na kupoteza mauzo ya 14. Walimu bado wanalipwa kwa sababu wanafundisha, na ofisi bado ipo. Pengo linaongezeka kwa milioni 5. Gharama kamili inakuambia bei unayopaswa kutoza na hali halisi ya shughuli. Ukitaka kuamua kufunga au kutofunga, angalia gharama zitakazoondoka kweli pamoja na shughuli hiyo. Wekeni hesabu zote mbili kwenye mpango, kila moja na jina lake.

Sasa pendekezo la mjumbe wenu. Kila sare inauzwa 14,000 na vitu vyake vinagharimu 9,000, hivyo inabakiza 5,000. Gharama zisizobadilika za karakana ni milioni 9, yaani mishahara 6 na mgao wa ofisi 3. Gawanya 9,000,000 kwa 5,000: mnahitaji kuuza sare 1,800 ili tu karakana isile hasara wala isipate faida. Ili ibebe pia mafunzo na ufuatiliaji, ambavyo jumla yake ni milioni 78, gawanya 87,000,000 kwa 5,000: sare 17,400 kwa mwaka, na hapo hatujaongeza fundi hata mmoja wala cherehani hata moja. Sasa mnashona 1,000. Mwonyesheni mjumbe hesabu hiyo kwa heshima na mjadala utakwisha.

Bei ndiyo yenye nafasi. Ikiwa 17,000, kila sare inabakiza 8,000, na kiwango cha kutokula hasara kinashuka hadi sare 1,125. Msiandike bei hiyo kwenye mpango kabla ya kuijaribu: pelekeni sare ya mfano na ankara ya makadirio kwa shule tatu, muone zinasemaje. Shule tatu zikikubali, ambatanisheni barua zao za kuagiza, hata za idadi ndogo. Zina uzito kuliko kurasa kumi za uchambuzi wa soko. Na jambo hili mlitazame kwa macho makavu: kama baadhi ya sare hizo zinashonwa na wanafunzi, walipwe kwa kipande na malipo hayo yaingie kwenye gharama. Mfadhili makini atauliza. Hata asipouliza, si haki msichana aliyekuja kujifunza awe fundi wa bure.

Kuna gharama nyingine hazimo kabisa kwenye milioni 96. Cherehani 20, tuseme kila moja ni 500,000 na inadumu miaka mitano: hiyo ni milioni 2 kila mwaka za uchakavu. Msipoziweka, mwaka wa tano mtaandika barua za kuomba cherehani kana kwamba janga limetokea. Madarasa ya kuazimwa nayo yana thamani. Iandikeni kwenye maelezo ya bajeti kama mchango wa vitu, isiingie kwenye mtiririko wa fedha taslimu, kisha mwende kwa taasisi hiyo mpate barua ya makubaliano inayotaja muda na notisi ya kuondoka. Notisi ya miezi sita inalinda awamu nzima.

Mkishajua gharama kamili, hesabuni gharama kwa kila tokeo. Aliyeandikishwa: milioni 67 kwa 120, kama 558,000. Aliyemaliza: 67 kwa 90, kama 744,000. Aliye na kazi baada ya miezi sita, ukijumlisha ufuatiliaji: 78 kwa 60, milioni 1.3. Wengi hutangaza namba ya kwanza kwa sababu ni ndogo. Mimi nashauri muweke zote tatu, kwa sababu ya tatu ndiyo inayonunuliwa na mfadhili, na tofauti ya ya kwanza na ya pili inawaonyesha ninyi wenyewe pa kufanyia kazi. Wasichana 30 wanaacha njiani kila mwaka. Mkiwabakiza 12 kati yao, wahitimu wanakuwa 102 na gharama kwa mhitimu inashuka hadi kama 657,000 bila kutafuta fedha mpya ya maana. Tafuteni wanaacha wiki ya ngapi na kwa sababu gani: nauli, mtoto mchanga, ugonjwa nyumbani, au walidhani kozi ni nyingine. Rejista ya mahudhurio ina jibu la wiki, simu 30 zina jibu la sababu.

Mfuko huo ukitoa masharti, angalieni hasa wanaruhusu asilimia ngapi kwa gharama za ofisi. Zenu ni 21 juu ya 75 za shughuli, yaani asilimia 28. Wakikubali 10, kila 100 mnayotumia kwenye mradi wao itawadai 18 kutoka kwingine. Ruzuku inaweza kuwa kubwa na ikawaacha maskini kuliko mlivyokuwa. Msizifiche gharama hizo. Shirika linalojifanya halina ofisi huishia kuwa na mhasibu aliyechoka na vitabu visivyokaguliwa. Serikali kuu ya Marekani yenyewe ilipandisha kiwango chake cha kawaida cha gharama hizo kwa wapokeaji wa ruzuku wasio na kiwango walichojadiliana kutoka asilimia 10 hadi 15 kuanzia Oktoba 2024, kwa hiyo mazungumzo haya si ya aibu. Pia sehemu ya mnachokiita ofisi ni gharama ya moja kwa moja: saa za mhasibu za kutengeneza ripoti ya mradi huo, umeme wa chumba cha kompyuta, intaneti ya wanafunzi. Viorodhesheni ndani ya bajeti ya mradi, kila kimoja na namna kilivyokokotolewa.

Mapato yapangeni kwa uhakika wake. Kuna yaliyosainiwa. Kuna yanayojirudia, kama michango ya watu mliyoipata miaka mitatu mfululizo. Kuna yanayojadiliwa, na kuna yanayotumainiwa tu. Wahasibu wengi huweka uwezekano: maombi yenye nusu ya nafasi ya kufanikiwa huhesabiwa nusu. Njia hiyo inafaa mkiwa na maombi mengi madogo. Kwenu ombi ni moja la milioni 40, na mkiandika 20 mmeandika namba ambayo haitatokea kamwe. Mtapata 40 au mtapata sifuri. Kwa hiyo tengenezeni hali mbili kamili, kila moja na bajeti yake.

Hali ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo itakayowapa heshima mbele ya msomaji. Mwezi wa 14 ukifika bila mfadhili, mnabaki na michango 12 na mauzo 14. Ondoa vitambaa 9: kuna milioni 17 za kufanyia kila kitu. Hizo zinatosha walimu wawili wa ushonaji, milioni 12, na milioni 5 za vifaa, umeme na mhasibu wa saa chache. Kompyuta inasimama, awamu inakuwa ya wasichana wachache sana, na wewe mwenyewe huna mshahara. Andikeni hivyo hivyo. Wekeni pia gharama za kupunguza shughuli: notisi za wafanyakazi, stahiki zao za mwisho, ukaguzi wa mwisho wa ruzuku. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 kwa ajili ya mapitio, mashirika mengi yaliyoegemea misaada hiyo yalijikuta yakiachisha watu kazi bila hata fedha ya kulipa notisi.

Kila hali iwe na tarehe ya uamuzi. Chukulia awamu mpya inaanza mwezi huu. Inayofuata itaanza mwezi wa 7, na ya tatu mwezi wa 13. Hiyo ya tatu itamalizika mwisho wa mwezi wa 18, miezi minne baada ya mkataba kwisha. Msiandikishe msichana yeyote wa awamu hiyo bila kujua nani analipa miezi minne ya mwisho. Usajili na matangazo huchukua kama miezi mitatu, hivyo uamuzi ufanywe mwezi wa 10. Sentensi inayokwenda kwenye mpango iwe na umbo hili: "Ikiwa hadi mwisho wa mwezi wa 10 hakuna mkataba uliosainiwa wa angalau milioni 40 kwa mwaka, bodi itaahirisha awamu ya tatu." Bodi ipige kura juu ya sentensi hiyo sasa, wakati kila mtu ametulia. Na hata 40 zikija hazijazi nafasi ya 70. Kwenye hali ya kwanza onyesheni wazi mnapunguza nini au mnatafuta wapi milioni 30 zilizobaki.

Swali la mfuko kuhusu kujitegemea lijibiwe kwa namba moja iliyokokotolewa vizuri. Ondoeni gharama za vitambaa pande zote mbili, ama sivyo mauzo yatawavimbisha. Sasa hivi: karakana inabakiza 5, michango 12, jumla 17 juu ya gharama 87, karibu asilimia 20. Mwaka wa tatu, sare 1,200 kwa bei ya 17,000 zinabakiza milioni 9.6, michango ikifika 16, jumla 25.6 juu ya 89 ukiongeza uchakavu: karibu asilimia 29. Kutoka 20 hadi 29 kwa miaka mitatu ni maendeleo ya kweli, na inaweza kutetewa mstari kwa mstari. Asilimia 100 haiwezi kutetewa. Waandikieni pia kwamba kituo kinachofundisha wasichana bila ada kitahitaji mlipaji wa nje siku zote. Swali la maana ni walipaji wangapi, na anayeondoka anabeba sehemu gani. Sasa mmoja anabeba asilimia 73. Lengo la kutozidi 40 kwa mfadhili mmoja mwishoni mwa mwaka wa tatu ni lengo zuri kuliko neno "kujitegemea".

Bajeti ya mwaka inaweza kusawazika na mkashindwa kulipa mishahara mwezi wa nne. Tengenezeni jedwali la mtiririko wa fedha la miezi 36, safu moja kwa kila mwezi: salio la mwanzo, zinazoingia, zinazotoka, salio la mwisho. Mnatumia wastani wa milioni 8 kwa mwezi. Kama mfadhili analeta 35 kila baada ya miezi sita na kila malipo yanasubiri ripoti kuidhinishwa, ucheleweshaji wa miezi miwili unahitaji milioni 16 kutoka mahali fulani. Mahali hapo pasiwe akaunti ya mradi mwingine. Kukopa fedha zenye masharti za mradi mmoja kulipia mwingine ndilo kosa ambalo wakaguzi hulikuta mara nyingi, na ndilo linalofunga milango kwa wafadhili wote kwa pamoja. Kwenye jedwali tenganisheni mistari miwili ya salio: fedha zenye masharti na fedha huru. Salio la benki peke yake linadanganya.

Karakana nayo ina msimu. Oda nyingi huja kabla ya muhula wa kwanza, vitambaa vinanunuliwa miezi miwili mapema, na shule hulipa baada ya kupokea mzigo, pengine miezi miwili tena baadaye. Sare 600 za msimu huo zinakula milioni 5.4 kabla ya senti ya kwanza kuingia. Malipo ya awali ya nusu ya bei ni 7,000, hayafiki hata gharama ya kitambaa. Ombeni theluthi mbili, na msikate kitambaa kabla hayajaingia.

Akiba: miezi mitatu ya matumizi ni milioni 24, na ninyi sasa mna sifuri. Wekeni akiba kama mstari wa matumizi kwenye bajeti, milioni 3 kila mwaka kutoka kwenye michango huru. Baada ya miaka mitatu mtakuwa na 9, mwezi mmoja na kidogo. Ni kidogo, lakini ni namba ya kweli. Bodi ipitishe kanuni fupi: nani anaruhusu kuitumia, kwa jambo gani, na irudishwe ndani ya muda gani.

Sura nyingine ziandikwe haraka. Uongozi: majina na ujuzi wa wajumbe, nani anasaini hundi, nani anachukua nafasi yako ukiugua miezi mitatu. Hatari: tano tu, kila moja na hatua na mhusika, usalama wa wasichana uwe wa kwanza. Vipimo vya bodi vya kila mwezi: miezi ya fedha huru iliyopo, asilimia ya mapato ya mwaka yaliyosainiwa, mahudhurio, madeni ya shule yaliyozidi siku 60. Robo kwa robo, gharama kwa mhitimu. Waraka wote usizidi kurasa 20, majedwali yawe viambatanisho. Muhtasari wa kurasa mbili unatangulia, lakini uandikwe mwisho kabisa, na uanze na kiasi mnachoomba na kitakachonunuliwa nacho.

Kuhusu mtaalamu: mlipeni kwa siku chache awasaidie kutenganisha gharama na kuhakiki fomula za jedwali. Msimlipe kuandika. Siku ya mahojiano afisa wa mfuko atauliza kwa nini karakana imepewa milioni 3 za ofisi na si 5, na mtakaojibu ni wewe na mhasibu. Majedwali yakabidhiwe yakiwa na fomula wazi, ili bei ya kitambaa ikipanda muibadilishe wenyewe na kuona pengo linavyosogea.

Kazi hii inachukua kama wiki kumi mkiwa mnaendelea na shughuli nyingine: nne za karatasi za saa, na ndani ya hizo ndipo mtembelee shule tatu na kupata barua ya madarasa, mbili za majedwali ya gharama na fedha, kikao kimoja kirefu cha bodi juu ya hali mbili na tarehe ya uamuzi, mbili za kuandika, zilizobaki za kusomwa na watu wawili wasiolijua shirika, mmoja wao mhasibu. Waandikieni mfuko wiki hii mkiwaambia lini mtawasilisha, na muwaulize maswali mawili ambayo hayamo kwenye barua yao: kiwango wanachoruhusu kwa gharama za ofisi, na kama fedha zao hutangulia au hufuata matumizi. Jibu la hilo la pili linaweza kubadilisha jedwali lote la miezi 36, kwa hiyo msianze kulijaza kabla halijafika.